Mama anauliza: kwa nini paja zima likatwe ili goti lipone?

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga. Nina umri wa miaka 27, sijaolewa, na ninaishi na mama yangu ambaye ni fundi cherehani. Tangu kidato cha kwanza nimecheza mpira wa pete, na hata baada ya kuajiriwa niliendelea kuchezea timu ya watumishi.

Mwezi Agosti mwaka jana niliruka kudaka pasi, nikatua kwa mguu wa kushoto, na kabla mwili haujatulia nikageuka kumtafuta mfungaji wetu. Hakuna aliyenigusa. Nilisikia goti likilia “ko!” kama kijiti kinachovunjwa, nikaanguka, na ilipofika jioni goti lilikuwa limevimba hata pia yake haionekani. Hospitali ya kwanza niliyokwenda walipiga eksirei, wakaniambia mifupa ni mizima, nimeteguka tu, nikapewa dawa za maumivu na bandeji. Baada ya wiki tatu nilirudi kazini nikichechemea, nikiamini yamekwisha.

Siku moja nilikuwa nikiandika ubaoni, mtoto akaniita, nikageuka kumjibu, na goti likanikimbia. Nilianguka mbele ya darasa la nne zima. Tangu siku hiyo limenitupa mara nne zaidi, mojawapo nikiwa nashuka kwenye daladala. Nikiswali msikitini ninakaa kwenye kiti pamoja na bibi zetu, kwa sababu siliamini goti langu ninapoinuka kutoka sijida.

Januari nilifanyiwa kipimo cha MRI. Ligamenti ya mbele iliyo ndani ya goti, yaani kamba inayoshikanisha mifupa, imekatika kabisa, ila menisko zote mbili, vile vipande vya gegedu vilivyo kati ya mifupa, ni nzima. Daktari bingwa ameniambia kwamba atachukua kano mbili za nyuma ya paja langu hilohilo na kuzitumia kutengeneza ligamenti mpya. Amenipangia tarehe, na zimebaki wiki tano.

Kaka yangu, ndiye mkubwa wetu, amechukua mkopo wa kikoba kulipia sehemu ya gharama ambayo bima haitalipa. Hakuniuliza. Alikuja na fedha mkononi akasema, “Dada, utacheza tena.” Mama naye hataki kusikia. Mdogo wake aliingia chumba cha upasuaji zamani, akapigwa nusu kaputi, hakuamka. Mama anataka nikakae Pangani kwa shangazi yangu ambaye ni mkandaji, na kila jioni ananiuliza swali moja ambalo sina jibu lake: “Goti ndilo bovu. Kwa nini wakukate paja lililo zima?”

Na hilo paja lenyewe limenitia aibu. Wiki mbili zilizopita mama alinipima suruali, akazungusha tepu paja la kulia, ikasoma sentimita 52; la kushoto 48. Alinyamaza, akapima tena, ikawa vilevile. Najua ni uvivu wangu. Nilihudhuria fiziotherapia mara tano tu, wakiniwekea taa ya joto na mashine ya umeme, nikaona hakuna mabadiliko, nikaacha kwa sababu ya nauli.

Nikikubali upasuaji nitakuwa nimemkaidi mama, na Mungu apishe mbali, kikitokea kitu nitakuwa nimemuua kwa huzuni. Nikikataa, nitakuwa nimetupa fedha ya kaka na labda goti langu pia. Naomba uniongoze.

Mwalimu mwenye goti moja, Tanga

Marahaba mwanangu,

Pole sana, na ahsante kwa kuandika kwa uwazi. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kama nimekuelewa vizuri, unaona njia mbili tu mbele yako: ukubali kisu na kumhuzunisha mama, au ukatae na kumvunja moyo kaka, huku goti likiendelea kukuangusha kati ya njia hizo. Nilifanya kazi ya fiziotherapia miaka mingi kabla ya kuishika safu hii, kwa hiyo utaniwia radhi nikianza na goti na paja, kisha niwarudie watu. Nadhani tukilielewa goti, hata mazungumzo na watu yatabadilika.

Turudi pale ubaoni. Ulikuwa umesimama, goti limekunjwa kidogo, unyayo umekanyaga sakafu kwa uzito wote, kisha kiwiliwili na paja vikageuka kumwelekea mtoto huku mguu wa chini ukibaki ulipo. Kumbuka kwamba ndivyo ilivyokuwa uwanjani pia, kwa sababu mpira wa pete haumruhusu mchezaji kutembea na mpira alioudaka. Anatua, anakanyaga, na mwili unageuka juu ya mguu uliosimama. Goti halina umbo la kuustahimili mzunguko huo peke yake. Mwisho wa fupa la paja una vifundo viwili vya mviringo, na juu ya fupa la muundi pako karibu bapa, hivyo ni kama magurudumu mawili yaliyowekwa juu ya meza. Menisko zako mbili, zenye umbo la mwezi mwandamo, huongeza kina kidogo kwenye meza hiyo. Kinachozuia mifupa isiteleze ni ligamenti: mbili za pembeni, na mbili za ndani zinazopishana kama herufi X. Ile ya mbele, iliyokatika kwako, kazi yake kubwa ni kulizuia fupa la muundi lisichomoke kwenda mbele na lisizunguke kupita kiasi.

Ligamenti, hata hivyo, ni mlinzi wa mwisho. Walinzi wa kwanza ni misuli ya paja, na hapo ndipo ninapoomba uitazame upya ile tepu ya mama. Mbele ya paja kuna misuli minne ambayo kwa pamoja huitwa kwadrisepsi. Yote hukutana kwenye kano moja inayoishika pia ya goti na kushuka hadi kwenye kinundu kilicho juu ya muundi, kile unachoweza kukigusa kwa kidole chini kidogo ya pia. Hiyo ndiyo hunyoosha goti na kukuzuia usiporomoke unaposhuka daladala. Nyuma ya paja kuna misuli mingine mitatu, ambayo hukunja goti na kuuvuta muundi kurudi nyuma. Sikiliza jambo hili kwa makini, kwa sababu linahusu uamuzi wako: misuli ya nyuma ya paja, kwa kuuvuta muundi nyuma, huuzuia usichomoke kwenda mbele, kazi ileile iliyokuwa ikifanywa na ligamenti yako iliyokatika. Ni wasaidizi wake wa karibu.

Umeandika kwamba paja limekonda kwa sababu ya uvivu. Ningependa uliondoe neno hilo kwenye hesabu zako. Goti linapojaa maji na damu, kama lako jioni ile, mishipa ya fahamu iliyo kwenye goti hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, na uti wa mgongo hupunguza amri inayokwenda kwa kwadrisepsi. Mtu anakaza paja kwa moyo wake wote na msuli hauitiki ipasavyo. Nimewaona wanajeshi vijana, watu wa mazoezi, wakilitazama paja lao kitandani kwa mshangao kwa sababu limekataa kukaza. Msuli usioamriwa hupungua haraka, na kwa kuwa ulirudi kazini ukichechemea, mwili ulijifunza kuukwepa mguu huo na hali hiyo ikaendelea hata baada ya uvimbe kwisha. Sentimita nne si aibu, mwanangu. Ni dalili, na mama yako ameigundua kwa tepu ya cherehani mapema kuliko wengine wote waliokuhudumia.

Kwa hiyo unaposema ulijaribu fiziotherapia ikashindikana, naomba nikuulize taratibu: je, ulijaribu? Taa ya joto hutuliza, na mashine ya umeme inaweza kusaidia kuamsha msuli katika wiki za mwanzo, lakini msuli wa mtu mzima hurudi kwa kubeba uzito unaoongezwa hatua kwa hatua, mara kadhaa kwa wiki, kwa miezi isiyopungua mitatu. Kuinuka kwenye kiti kwa mguu mmoja, kupanda na kushuka ngazi ya darasa polepole, kulala chali na kuinua nyonga huku kisigino kikikandamiza sakafu, kisha baadaye kujifunza kutua na kugeuka bila goti kuingia ndani. Mara tano za taa si jaribio la matibabu hayo. Silaumu, nauli ni nauli. Ila usiihesabu kama njia uliyokwisha kuipita.

Sasa swali la mama. Mimi naliona ni swali zuri, na ningetamani daktari alisikie kutoka kinywani mwake. Kano zinazochukuliwa kwa kawaida katika njia uliyoelezwa ni ya msuli mmoja wa nyuma ya paja, semitendinosi, na mara nyingi ya msuli mwembamba wa upande wa ndani uitwao grasilisi. Hazikatwi nyama zote. Huchomolewa kano kupitia mchano mdogo chini ya goti upande wa ndani, zikakunjwa pamoja na kupitishwa kwenye matundu yaliyotobolewa katika mifupa. Kwa watu wengi kano hizo huota tena kwa kiasi fulani, ingawa si lazima zirudi kama zilivyokuwa, na nguvu ya kulikunja goti hadi mwisho inaweza kupungua. Kwa hiyo mama hajakosea: kuna kitu kinachotolewa kwenye paja, tena kwa wale wasaidizi niliowataja. Madaktari hukubali gharama hiyo kwa sababu ligamenti iliyo katikati ya goti, ikielea katika ute wa goti, mara nyingi haijiungi yenyewe, na kwa sababu paja lina misuli mingine inayoweza kufundishwa kubeba sehemu ya kazi.

Lakini si njia pekee. Wako wanaotumia theluthi ya kati ya kano iliyo chini ya pia pamoja na vipande vidogo vya mfupa kila upande. Ni imara, ila wengi waliofanyiwa hivyo hulalamika maumivu ya mbele ya goti wanapopiga magoti. Wewe umeniambia kuhusu sijida, na sidhani kama ulimwambia daktari. Mwambie. Mtu anayepiga magoti mara tano kwa siku maisha yake yote anapaswa kuyazungumza hayo kabla ya kano kuchaguliwa, na huenda ndiyo sababu daktari wako amechagua za nyuma ya paja. Ipo pia njia ya kutumia sehemu ya kano ya kwadrisepsi iliyo juu ya pia. Muulize kila moja ingekugharimu nini wewe, si mgonjwa wa kawaida.

Je, upasuaji ni lazima? Utafiti uliofanywa Sweden na kuchapishwa mwaka 2010 ulichukua vijana 121 wenye umri wa miaka 18 hadi 35 waliokuwa wameumia karibuni. Kundi moja lilifanyiwa upasuaji mapema na kufanya mazoezi. Kundi lingine lilianza na mazoezi, na upasuaji ukabaki kwa atakayeuhitaji. Baada ya miaka miwili makundi hayo hayakutofautiana kwa maana katika jinsi magoti yalivyowatumikia. Katika kundi la pili walikuwamo 59, na 23 kati yao walikuwa wameamua kupasuliwa kufikia wakati huo; kufikia mwaka wa tano walikuwa takriban nusu. Habari hiyo inafariji, na kama ungeniandikia Septemba ningeishika kwa mikono miwili. Wewe unaandika baada ya miezi saba, goti likiwa limekwisha kukuangusha mara tano. Kuhusu watu wa namna yako, utafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 2022 katika jarida la The Lancet, wenye wagonjwa 316, ulionyesha kwamba waliopangiwa upasuaji walikuwa na hali bora zaidi baada ya mwaka mmoja na nusu kuliko waliopangiwa mazoezi kwanza, ijapokuwa wengi wa hao wa mazoezi hawakuhitaji kupasuliwa katika kipindi hicho. Ninazileta tafiti zote mbili kwa sababu mtu akikuonyesha moja tu, atakuwa ameamua kwa niaba yako.

Hatari ya kungoja ipo, nayo iko kwenye menisko zako ambazo bado ni nzima. Kila goti linapokukimbia, fupa la paja husaga juu yake, na menisko ya ndani, kwa kuwa imefungwa kwa uthabiti zaidi kuliko ya nje, haiwezi kukwepa. Ukingo wake wa nje hupata damu na huweza kupona; sehemu ya ndani haina damu, na ikichanika haiungi. Kwa sababu hiyo, ukichagua kujaribu mazoezi, masharti yake ni magumu: hakuna mpira wa pete wala mchezo wowote wa kugeuka ghafla, na likikuangusha tena, unarudi kwa daktari bila kungoja. Likikwama likakataa kunyooka, nenda siku hiyohiyo.

Hatari ya upasuaji nayo ipo: maambukizi, damu kuganda kwenye mguu, goti kukakamaa, na kano mpya kukatika. Kano iliyopandikizwa huwa dhaifu katika miezi ya mwanzo kuliko siku ilipowekwa, hata kama goti halikuumi, na ndiyo maana wataalamu hawashauri kurudi uwanjani kabla ya miezi tisa, na hata hapo baada ya kupima nguvu za mapaja yote mawili. Kaka alisema, “Utacheza tena.” Alisema kwa upendo. Upasuaji haumwahidi mtu hivyo. Ukienda mezani na paja la sentimita 48, kuna uwezekano mkubwa utatoka na paja dogo zaidi, na safari ya kulirudisha itakuwa ndefu. Ndiyo sababu wengi wetu hupenda mgonjwa aimarishe paja kabla ya upasuaji. Hivyo mazoezi yamo katika njia zote mbili; yangeweza kuanza leo jioni, kabla hujaamua lolote.

Kuhusu shangazi wa Pangani, sitamkejeli. Mikono ya mkandaji mzuri hulegeza misuli iliyokaza, na faraja ya kuwa kwa shangazi ni kitu halisi. Lakini ligamenti yako iko katikati kabisa ya kiungo, ambako hakuna kidole kinachofika, na hakuna kuchua kunakoweza kuzikutanisha ncha zilizokatika. Ukienda, akuchue paja na kigimbi kwa mafuta, ila asivute wala kusokota goti. Na kama umekwisha kupasuliwa na kigimbi kikavimba na kuuma, kisichuliwe hata kidogo hadi daktari akione.

Sasa turudi kwa watu wako. Umesema ukikubali utakuwa umemkaidi mama. Sina hakika kwamba mama anakataa upasuaji. Ninachosikia ni kwamba anaikataa nusu kaputi iliyomchukua mdogo wake, na hakuna aliyeketi naye kumweleza. Upasuaji wa goti mara nyingi huweza kufanywa kwa sindano ya ganzi ya mgongoni, mgonjwa akiwa macho, akisikia sauti. Nayo ina madhara yake, na mtaalamu wa usingizi ndiye wa kusema kama inakufaa. Unaweza kuomba miadi ya kuonana naye na ukaenda na mama. Labda bado atasema hapana. Lakini atakuwa amesema hapana kwa jambo linalokuhusu wewe leo, badala ya lile la miaka ile.

Kwa kaka, mkopo wa kikoba una riba inayotembea, na ninaelewa kwa nini tarehe ya wiki tano inakubana. Ila goti lako halikuipanga tarehe hiyo. Imetokana na nafasi ya hospitali na fedha iliyokwisha kutoka. Ungeweza kuendelea nayo, ukizitumia wiki hizi tano kuliandaa paja. Ungeweza kuomba isogezwe miezi mitatu ili ujaribu mazoezi kwa haki, na hapo itabidi uzungumze na kaka kama fedha irudishwe sasa au ingoje, mazungumzo ambayo yanaweza kuwa mazito kwa kuwa alitoa bila kuombwa. Na kuna swali ambalo barua yako haikulijibu: je, wewe mwenyewe unataka kucheza tena? Kaka anataka. Umeeleza darasa, daladala na msikiti kwa maneno ya ndani sana. Uwanja umeutaja kama mahali ulipoumia tu. Inawezekana ni hofu, na inawezekana ni uamuzi ambao hujaupa jina. Mtu anayetaka kurudi kwenye mchezo wa kuruka na kugeuka huelekea zaidi kwenye upasuaji. Mtu anayetaka kusimama ubaoni na kuinuka kutoka sijida bila woga ana nafasi pana zaidi ya kujaribu. Sitakujibia hilo.

Jioni ya leo, mwombe mama achukue tepu yake, apime sentimita kumi kwenda juu kutoka ncha ya juu ya pia ya goti, aweke alama ya kalamu kwenye mapaja yote mawili, na azungushe hapo. Andikeni tarehe na vipimo kwenye daftari lake la wateja. Kisha apime tena kila baada ya wiki mbili, palepale kwenye alama, na daftari hilo uende nalo kwa daktari.